Hao Ndovu Wako

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Kitengela hakuwa mtu wa kubishana naye. Alikuwa na kitabu chake cha majibu, na kisichokuwa humo hakikuwa duniani.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ya tisini, nikikaa kwa shangazi. Baba alikuwa amenitoa Kimana, tulikolima nyanya, eti nikasome karibu na mji. Sheria ilikuwa moja tu: usipofikisha hamsini katika mtihani wake wa mwisho wa mwaka, unarudia darasa. Binti ya shangazi alikuwa la sita, nyuma yangu tu, akinisubiri kwa hamu.

Kifungu cha ufahamu cha mtihani huo kilieleza soko lililojengwa kwa mbwembwe, likazinduliwa, halafu likafungwa kufuli. Swali: kwa nini mwandishi ameliita soko hilo ndovu mweupe? Alama mbili.

Woi, nilifurahi! Ndovu weupe nawajua. Wale wa mbuga ya Amboseli wakijimwagia vumbi hutoka weupe pepepe, halafu wanaingia kwa nyanya zetu. Nikaandika: "Kwa sababu ni wa wakubwa. Huwezi kumuua, huwezi kumpa kazi, na atakula chako mpaka uishe."

Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa. "Ndovu mweupe ameonekana Kimana! Amekuja kununua nyanya!" Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kitabu kilisema "mradi wa gharama usio na faida", basi. Nikapata arobaini na tisa.

Baba alifunga safari, akavaa koti lake la kanisa. Yeye na mwalimu walizungumzia nje, kivulini mwa maktaba ya shule, ambayo mheshimiwa aliikatia utepe na haijawahi kufunguliwa tena, isipokuwa na mwalimu, aliyefugia kuku wake humo.

"Mwalimu, mtoto amesema ukweli," baba alisema, kofia mkononi. "Hao ndovu wako."

"Mzee, ndovu wa kifungu hahusiani na nyanya zako."

Jogoo akawika mle ndani. Baba akaomba msamaha. Hilo ndilo lililoniuma: si kurudia darasa, si kuketi dawati moja na binti ya shangazi, bali baba yangu kuomba msamaha kwa kosa la ndovu.

Nikawa mwalimu pia, uchungu huo ukinisukuma. Mwaka mmoja, simu za mkononi zikiwa zimeshajaa kila mahali, nikafungua kitabu kimoja kikuukuu cha historia. Wafalme wa Siam, kilisema, wakimchukia mtu walimzawadia ndovu mweupe. Mnyama mtakatifu: humuui, humfanyishi kazi, unamlisha mpaka ufilisike.

Nilipiga kelele, staffroom nzima ikageuka.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa mwalimu, mstaafu sasa, na kitabu kwapani. Karatasi yangu ya mtihani nilikuwa nayo bado. Mimi huwa situpi kitu kilichoniudhi. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Halafu akatafuta kalamu nyekundu, akaweka vema, akaandika hamsini na moja.

"Umepita," akasema. "Nenda darasa la nane."

"Mimi nilishaenda, Mwalimu. Deni ni la baba."

Nikampigia baba simu Kimana, nikampa mwalimu. Alikohoa weee.

"Mzee, ni yule mwalimu wa Kitengela. Nimepiga kukuambia... hao ndovu wako."

"Wako, Mwalimu," baba akajibu kwa upole. "Hata jana walikuja."