Zamu ya Bando ya Mama Vifungo

Safu ile ya maduka manne ilikuwa na utaratibu wake: kila wiki mmoja ananunua bando kubwa na kuwarushia wenzake intaneti kutoka kwenye simu yake. Wiki hii zamu ilikuwa ya Mama Vifungo, fundi nguo wa duka la mwisho.

Hospitali kubwa ilitaka mtu wa kushona sare za wauguzi. Maombi yalipokelewa mtandaoni tu, mwisho saa sita kamili mchana. Akiipata kazi, cherehani zake tatu hazitalala mwaka mzima. Akiikosa, mbili zinauzwa. Mnunuzi alishakuja kuzipima kwa macho.

Saa tano na dakika arobaini, fomu ilikuwa imejazwa kwenye simu yake, zimebaki picha tatu za sampuli. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Asilimia kumi na mbili.

Akaangalia simu: vifaa kumi na moja vimeunganishwa. Kumi na moja, na wao ni wanne! Akatoka mbio hadi kwa kinyozi wa duka la jirani. Neno la siri lilikuwa limebandikwa juu ya kioo, kwa herufi kubwa kuliko za bei ya kunyoa.

"Kinyozi, umenitangaza?"

"Wateja hao, dada. Mtu akiwa na intaneti haioni foleni."

Benchi zima lilikuwa limezama kwenye mpira wa marudio.

"Zimeni, jamani, nimebakiwa na robo saa!"

"Tumalizie penalti, mama," akasema aliyekaa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

Kinyozi akazima mashine. "Zima, ama utoke hivyo hivyo."

Wakaangua kicheko, wakazima. Mama Vifungo hakucheka. Asilimia thelathini. Bado kuna mtu anavuta.

Alikuwa shemeji yake, fundi simu wa mlango wa pili.

"Shemeji, unashusha nini?"

"Naweka mfumo mpya kwenye simu ya mteja. Nimefika themanini. Ukinikata naanza sifuri, na mwenyewe anasafiri saa sita na nusu."

"Mimi nafungiwa saa sita."

"Dakika kumi tu, shemeji yangu."

Alimvumilia dakika tatu, kucha zikiwa mdomoni. Kisha akaacha kurusha, bila kumtazama usoni, na kubadilisha neno la siri papo hapo.

Picha zikapanda moja baada ya nyingine. Saa tano na dakika hamsini na nane yakatokea maandishi ya kijani: maombi yamepokelewa.

Alipoinua macho, shemeji alikuwa mlangoni, na nyuma yake mwanamke mwenye begi.

"Simu yangu tayari?" mwanamke akauliza.

Shemeji akafungua mdomo. Mama Vifungo akamwahi.

"Nimemkatia mimi, dada. Yeye hana kosa." Akawasha tena, akamnong'oneza shemeji neno jipya, akavuta stuli. "Bando lililobaki lote ni la simu yako. Kaa kidogo."

Mwanamke akaangalia saa ya ukutani. Hakukaa.