Kigingi Ambacho Hakuna Aliyekifikia

Mjukuu wangu anaishi Kibugu, upande wa Embu, mahali ambapo mashamba ya chai yanapanda hadi kwenye ukingo wa msitu. Kazi yake ni ya ofisini, mjini. Uchoraji ni shughuli yake ya Jumamosi. Nilipomtembelea majuzi alinimiminia chai, akaketi karibu nami, akanionyesha simu yake. Humo mlikuwa na kundi la watu wasiojuana kwa nyuso, kila mmoja akiweka picha anayoichora kabla haijakamilika: ng'ombe asiye na miguu, kanisa lisilo na paa, mama aliyeinama juu ya jiko ambalo bado halijachorwa.

"Hapa hatuchekani, Babu," alinieleza. "Kila mtu anaweka yake ikiwa nusu nusu, halafu wengine wanamtia moyo."

Mimi si mtu wa kusadiki upesi. Nilikuwa mpima ardhi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimewasikia mashahidi wakiapa kwamba mpaka ulipita penye mti ambao haukuwahi kuota. Kwa hiyo niliposoma yale maneno yaliyoandikwa chini ya picha, nzuri sana, hongera, na vile vimoyo vyekundu, nilijiuliza ni wangapi kati yao walioitazama picha kabla ya kuisifu. Nilikuwa karibu kumrudishia simu yake. Ndipo nikaona maneno ya mtu fulani chini ya picha ya bonde: "Nimeona mti wa katikati umeuacha bila majani. Usiuguse."

Nilimwomba mjukuu wangu anisomee tena, ingawa macho yangu yangali mazima. Neno hilo la kwanza, "nimeona", rafiki yangu, sikuwa nimelisikia likitumiwa kwa namna hiyo tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika ghala la kiwanda cha kahawa, Githongo, upande wa Meru.

Nilikuwa mtoto wa nyanya yangu. Baba alikufa nikiwa mchanga, mama akamfuata kabla sijajua kutembea. Tulikuwa wageni Githongo. Baba alitutangulia kuja huko, akapanda miche ya kahawa, akajenga nyumba ya mbao yenye jiko la nje, akafariki kabla ya miche hiyo kuzaa. Majirani wengi walifika baada yake. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, nacho kilirudishwa serikalini kama sheria ilivyotaka. Nyanya hakulitaja jina la mwanawe. Ukimuuliza alikupa kazi: nenda ukachote maji, nenda ukageuze mahindi yaliyoanikwa. Nilijifunza kutouliza.

Maisha yetu yalikwenda kwa mpango usiobadilika. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochachuka barabara, pamoja na nduma au ndizi mbichi iliyochomwa majivuni. Msimu wa kahawa ulipofika tulichuma kuanzia umande ungali majanini, vidole vikanata utamu wa matunda mekundu, kisha tukaketi juu ya gunia kuyachambua, mabichi huku, yaliyoiva kule. Kijiji chote kilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Wageni hawakuipenda harufu hiyo. Mimi hata leo nikiisikia hupunguza mwendo.

Jumamosi alasiri, kazi ya kiwanda ilipokwisha, ghala lilikuwa letu. Mwalimu wetu wa darasa la sita, ambaye alikuwa mtu wa Embu, ndiye aliyeanzisha mkutano huo. Alikuja karani wa kiwanda, aliyechora Mlima Kenya tu, juma baada ya juma, wala hakuumaliza. Alikuja jirani yetu, mama mwenye kusuka vyondo, ambaye alichora kuku kwa ufundi ambao sijauona tena. Na kila Jumamosi iliyoangukia siku ya soko alikuwapo fundi cherehani kutoka Majengo, mjini Meru, Mwislamu mwenye kanzu safi. Hakuchora viumbe, alichora milango na madirisha, na nakshi ambazo jicho lilizifuata likapotea. Mtoto nilikuwa mimi tu, lakini nilipewa nafasi yangu kwenye meza ya kuchambulia na nilihesabiwa mchoraji kama wengine.

Hatukuwa na rangi za dukani. Tulitumia udongo mwekundu, masizi, chokaa, na unga wa buluu wa kufulia nguo nyeupe. Tulivisaga na kuvichanganya na mafuta ya mbarika, tukachora juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Mafuta hayo yana tabia moja: hayana haraka ya kukauka. Picha ilikaa mbichi kwa majuma mengi, na aliyeibeba njiani aliishika kwa kingo kama mtu aliyebeba sinia yenye vikombe vya uji.

Mwalimu aliigeuza tabia hiyo kuwa sheria. Ulipoleta picha aligusa pembe yake kwa kidole. Kidole kikitoka safi, alikurudishia. "Hii imekauka," angesema. "Kaitundike nyumbani kwako. Hapa hatuna kazi nayo." Kilichotakiwa ni picha ambayo bado ingeweza kubadilika. Sheria ya pili ilikuwa kwamba kila mwenye kutoa maoni aanze kwa neno "nimeona", kisha aguse mahali penyewe. Hukuruhusiwa kusema ni nzuri wala ni mbaya. Nimeona kuku huyu anamwogopa mwenzake. Nimeona kivuli hiki kimekwenda upande wa jua. Wala usidhani palikosa utani. Nakumbuka fundi akiinama juu ya mlima wa karani na kusema taratibu, "Bwana karani, nimeona theluji yako imeshuka hadi kwenye migomba. Wenye migomba wana habari?" Karani alicheka kuliko sisi sote, akaipandisha theluji kwa kidole gumba.

Mwaka huo macho ya nyanya yalianza kufunikwa na ukungu. Mhudumu wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba hospitali iliyoweza kumtibu ilikuwa mbali. Nyanya alisema hatalala kitanda cha mtu mwingine. Alianza kuchambua kahawa kwa kuibonyeza, na kunitambua kwa kikohozi. Nikaamua, kwa siri, kwamba kabla giza halijamfika nitamchorea mwanawe, ili auone uso wake mara moja tena. Nilikwenda ghalani na karatasi yenye duara la udongo mwekundu, nikawaambia wenzangu hilo duara ni nani.

Hapo ndipo walipokosea. Walikuwa wamenihurumia, na huruma hiyo iliwafanya wasahau sheria yao wenyewe. Jirani alisema amesikia kwamba baba alikuwa na paji pana. Karani alisema watu husimulia kuhusu ndevu zake. Jumamosi iliyofuata jirani aliniletea habari ya kovu juu ya nyusi, aliyoipata kwa mtu sokoni. Hata mwalimu, ambaye aliwasili Githongo miaka mingi baada ya baba kufa, alinishauri nimpe macho yangu mwenyewe, kwa kuwa mtoto hufanana na babaye. Niliyapokea yote. Kwa muda wa majuma matano picha ilibadilika kila nilipoileta. Paji lilipanuka, ndevu zikaja na kuondoka, na kovu lilihama kutoka nyusi moja hadi nyingine. Walinitia moyo kwa wema mkubwa. Hakuna aliyesema "nimeona".

Jumamosi ya sita niliiweka picha mezani, nikaitazama, nikalia. Sikulia kwa sababu ilikuwa mbaya; kwa mtoto ilikuwa kazi ya kuheshimika. Nililia kwa sababu hakuwa mtu. Nilijua kwamba nyanya angeinama, angeisogeza karibu na jicho lake lililobaki na nuru kidogo, kisha angeniuliza huyu ni nani.

Mwalimu aliwageukia wenzake kwa sauti ile aliyoitumia darasani.

"Tumemfanyia mtoto huyu jambo baya," alisema. "Naanza na mimi. Nani kati yetu aliyemwona baba yake kwa macho?"

Jirani alitazama chini. Karani alijishughulisha na brashi yake. Ndipo fundi cherehani akakohoa.

"Mimi nilimwona mara moja, dukani kwangu. Alikuja na mama yake kushonewa suruali," alisema. "Uso siukumbuki, na Mungu asinifanye mwongo. Ila mguu naukumbuka. Kitambaa hakikutosha. Ilinibidi niunge kipande chini, pande zote mbili, na mama yake akanigombeza kana kwamba ni mimi niliyemrefusha."

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwisha kukiona kigingi.

Katika jiko letu palikuwa na kigingi cha mti ambacho baba alikipigilia ukutani kwa mkono wake, cha kutundikia kibuyu cha maziwa ya kugandisha. Alikiweka mahali mkono wake ulipofika bila shida. Hakuna mwingine aliyekifikia. Kila asubuhi nyanya alivuta kigoda, akapanda, akashusha kibuyu. Kila jioni alipanda tena. Majirani walimshauri akishushe. Macho yalipoanza kumwisha alianguka kutoka kwenye kigoda hicho, akatembea akichechemea kwa mwezi mzima, na baba mdogo, ambaye naye hakuwahi kumzungumzia nduguye, alikuja na nyundo ili amalize jambo hilo. Nyanya alimwambia aende na nyundo yake. Sote tulidhani ni ukaidi wa uzee.

Niligeuza karatasi, nikachora upande wa pili. Nilichora ukuta wa mbao uliopakwa moshi, kigingi kikiwa juu kabisa, karibu kukatwa na ukingo wa karatasi, kibuyu kikining'inia, na kigoda kidogo chini, mbali, kikiwa peke yake. Kazi ilikuwa ya majuma mawili. Nilipoileta, wenzangu walirudi kwenye sheria yao. "Nimeona mwanga unatoka mlangoni," alisema jirani. "Nimeona kigoda kimekaliwa sana upande mmoja," alisema karani. Fundi aliutazama ule umbali kati ya kigoda na kigingi, akaupima kwa shubiri yake hewani, bila kugusa. "Nimeona ndiye," alisema. "Mpelekee leo. Usingoje ikauke, mwanangu. Hatuna muda huo."

Nilimkuta nyanya ameketi mlangoni mwa jiko akichambua maharagwe. Nilimwambia nimechora kitu. Aliichukua picha, akaielekeza kwenye jua, akaileta hadi karibu na pua. Alianzia chini, kama mtu apandaye. Jicho lake lilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kisha kichwa chake kikainuka polepole, na mkono ukafuata. Kidole chake kikaingia kwenye rangi, kikapanda ukuta wote hadi juu, kikasimama kwenye kigingi. Nyuma yake kiliacha mstari wa karatasi tupu. Nilitaka kumwambia kuwa haijakauka, lakini nilimwacha.

Alilitaja jina la baba yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Kisha akaniambia kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida kabisa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kesho mwite baba yako mdogo. Mwambie aje na nyundo, akishushe kigingi."

Kilishushwa hadi usawa wa bega lake. Aliishi miaka mingine mingi akichukua kibuyu kwa kupapasa, wala hakuanguka tena. Picha niliitundika juu ya kitanda chake, na ule mstari wa kidole sikuuziba kamwe.

Mchwa waliila picha hiyo nilipokuwa masomoni. Mwalimu alirudi kwao Embu, akazikwa huko. Karani alihamishwa, akauacha mlima wake ghalani ukiwa na theluji upande mmoja. Duka la fundi pale Majengo sasa lina mlango wa chuma, na aliyemo hajui habari zake, niliwahi kumuuliza. Ghala lenyewe lingaliko, ila limefungwa kwa kufuli, na nilipochungulia kupitia ufa wa mbao sikuona meza. Nimeyataja haya kwa kuwa nilikwenda kuyathibitisha mwenyewe.

Mjukuu wangu aliniuliza kama ningependa kuweka kitu katika kundi lao. Alinipa karatasi na rangi zake, nami nikaanza ukuta. Bado sijaumaliza, na ndivyo tulivyoituma picha: mbao chache, kigoda, na sehemu ya juu ikiwa tupu. Kigingi nitakiweka nikishakuwa na hakika ya mahali pake.

Kwa maana ipo habari moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Kabla nyumba ile haijabomolewa nilirudi peke yangu, nikiwa mtu mzima mwenye vyombo vya kupimia garini. Nyumba ilikuwa tupu. Jikoni, kigingi kilipong'olewa mahali pake pa kwanza kiliacha tundu, nalo lilikuwa bado lipo. Sikutumia chombo chochote. Nilisimama chini yake, nikavua viatu, nikanyoosha mkono wangu wa kulia hadi mbavu zikauma. Vidole vyangu vilipungukiwa na tundu hilo kwa upana wa vidole vinne.