Fundi Ghidini na fidla zisizo na jina

Jua la Septemba limeshika roshani ya ghorofa ya pili, na kwenye waya mmoja vinaning'inia vitu vya aina mbili: shuka za jirani, Bi Dirce, na fidla mbili za Ermes Ghidini. Fidla bado ni nyeupe, hazijapakwa vanishi. Zimefungwa kamba shingoni, na kila baada ya muda Ermes anatoka kuzigeuza ili zisishike rangi upande mmoja.

"Ermes! Anua watoto wako, mvua hiyo!" anapaza sauti Bi Dirce kutoka dirishani, mwiko wa supu mkononi.

"Mvua gani? Wingu la kupita hilo."

"Juzi ulisema hivyohivyo, nikafua mara mbili."

Ermes anacheka, lakini anaanua. Anazibeba moja kwapani na nyingine mkononi, anashuka ngazi hadi karakana yake iliyo uani, chini kabisa ya jengo. Tone la kwanza linaanguka akiwa mlangoni.

Hapa Cremona kila fidla huanikwa kabla ya kupakwa vanishi. "Mbao ikifikia rangi ya ganda la mkate, ipo tayari," anasema Ermes, mwenye umri wa miaka sitini na sita. "Ukiharakisha, vanishi inakaa juu kama mgeni asiyevua koti."

Baba yake alikuwa mpikaji katika kiwanda cha torone, ile halua ngumu ya asali na lozi, na alitaka mwanawe amfuate huko. Kijana akachagua patasi. Mzee hakumkataza, ila alimpa onyo ambalo Ermes hulisimulia hadi leo akiiga sauti yake nzito: "Torone watu wanakula kila Krismasi. Fidla mtu ananunua moja, basi, mpaka anakufa."

"Na alisema kweli, mzee wa watu," anaongeza Ermes.

Ukimtazama akifanya kazi unaelewa kwa nini hakurudi kwenye torone. Kifua cha fidla hukichonga kwa randa ndogo inayoenea katikati ya vidole viwili, kisha hukikwangua kwa kipande cha chuma chembamba. Kipimo anacho ukutani, lakini kwanza huubana ubao kwa vidole gumba na kuupinda kidogo, akiwa amefumba macho. Vumbi linalobaki mezani ni jepesi kama unga uliochekechwa. Fidla moja humchukua miezi miwili, na kwa mwaka hutengeneza sita, hazizidi.

Tatizo halikuwa mikono, lilikuwa soko. Mji huu mdogo una karakana za fidla zaidi ya mia moja, na wanunuzi wakija kutoka Seoul au Chicago huwa na majina mawili au matatu waliyoandikiwa na rafiki. Jina la Ghidini halikuwamo. Fidla za bei poa nazo zinashushwa kwa makontena, upinde na sanduku bure. Mwaka ambao mkewe, Nives, alivunjika nyonga, hakuingia mteja hata mmoja tangu Pasaka hadi mavuno ya zabibu.

Ndipo alipofika Bwana Tagliasacchi, mfanyabiashara wa fidla kutoka Milano, akiwa na viatu vizuri na maneno laini. Angenunua kila fidla kwa lira za enzi hizo, sawa na euro elfu mbili na mia tano, taslimu. Masharti yalikuwa mawili. Fidla ziondoke zikiwa nyeupe, bila nyuzi, kwa kuwa yeye ana mpakaji wake. Na ndani zisibandikwe ile lebo ndogo ambayo kila fundi huandika jina lake, mji na mwaka.

Zikishapakwa Milano na kubandikwa lebo nyingine, ziliuzwa kwa mara tano ya bei hiyo. Ermes alijua. Mafundi kadhaa mjini waliishi hivyo, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

"Fedha haikuniuma sana," anasema, akiegemea jiliwa. "Kilichoniuma ni kwamba sikuzisikia. Miaka yote hiyo zilikuwa zinaondoka bubu. Labda mojawapo inapigwa Tokyo sasa hivi, vizuri au vibaya, mimi sijui. Hebu fikiria, una watoto na hujawahi kusikia hata mmoja akiita."

Anaposema hivyo Nives anaacha kufagia na kumtazama, kisha anaendelea kufagia.

Mambo yaligeuka mwezi Machi. Mpakaji wa Tagliasacchi aliteguka mkono, na Ermes akaombwa aimalize mwenyewe fidla moja: aipake, aitie nyuzi, ingojee kuchukuliwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani, nyekundu ya kahawia, aliposhuka uani mwanamke aliyekuja kutengenezewa kigingi cha fidla yake, kile cha kukazia uzi, kilicholegea. Huyo ni Ilaria Scaravelli, mpiga fidla wa okestra ya opera huko Parma.

"Ile ni ya nani?" akauliza.

"Ya mtu," akajibu Ermes.

"Mtu yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi hatajua nikiigusa."

Akapiga. Ermes anasema alilazimika kukaa kitako. Ilaria alipoomba kwenda nayo wiki mbili aijaribu, kama wapigaji wote wanavyofanya hapa kabla ya kununua, Ermes aliitikia bila kufikiri.

"Mimi nilidhani amepatwa na wazimu," anasema Nives. "Fidla ya mtu anayetulisha unampa msichana wa Parma! Usiku mzima namwuliza, mzee, una nini? Ananijibu, nataka tu nisikie mtu anasemaje."

Wiki mbili zikaisha, Ilaria akarudi siku moja kabla ya ile ambayo Tagliasacchi alikuwa amesema atakuja.

"Fundi, ninaipenda, lakini uzi wa juu unapiga kelele," akasema.

"Kama nani?"

"Sijui. Kama mtu anayegombana dirishani."

"Kama Bi Dirce," akasema Nives, na wote watatu wakacheka.

Dawa ya ugonjwa huo ni ndogo. Ndani ya kila fidla kuna kijiti kinachosimama kati ya kifua na mgongo, bila gundi, kimebanwa tu. Mafundi wa hapa hukiita roho. Ermes aliingiza chuma kilichopinda kupitia tundu la kifuani, akaisogeza roho kidogo sana, kiasi ambacho jicho lisingekiona. Ilaria akapiga tena. Uzi wa juu ukaimba.

Akaigeuza fidla kwenye mwanga na kuchungulia kwa tundu la kushoto, mahali lebo hukaa. Akachungulia tena.

"Fundi, roho ninaiona. Jina liko wapi?"

Ermes akaanza kufuta chuma chake kwa kitambaa.

"Kila mtu ataniuliza nani kaitengeneza. Niseme nini? Niliiokota?"

"Sema imetoka Cremona."

"Cremona ni mji. Mji hautengenezi fidla." Akaiweka mezani taratibu. "Siwezi kununua kitu ambacho aliyekitengeneza anaona haya kukiri."

Hapo Ermes akamweleza yote, kuanzia nyonga ya Nives hadi viatu vya Tagliasacchi. Alijua akiandika jina lake, kesho mlango wa Milano unafungwa, na hakuwa na mlango mwingine. Ilaria alisikiliza hadi mwisho. Aliyezungumza ni Nives.

"Nyonga yangu ilipona zamani, Ermes. Usiisingizie tena."

Akavuta droo ya chini kabisa na kutoa bahasha iliyofungwa kwa mpira. Ulikuwa umekauka, ukakatika alipougusa. Ndani zilikuwa lebo alizochapisha Ermes alipofungua karakana: Ermes Ghidini, Cremona, na chini yake mwaka, 19, ikifuatwa na vitone viwili vya kujazia. Karne ilikuwa imebadilika lebo zikiwa ndani ya droo.

Hakukuwa na nyingine. Ermes alichukua kalamu, akaikata ile 19, akaandika mwaka kamili pembeni. Nives akamulika tochi, na mumewe akaipitisha lebo kwenye tundu kwa koleo refu, ikiwa na gundi ya moto mgongoni, akaikandamiza.

Ilaria akachungulia. "Umekata tarakimu."

"Nikuandalie nyingine safi, wiki ijayo?"

"Thubutu!" akasema Ilaria, akaikumbatia fidla.

Alilipa euro elfu tisa kwa mafungu matatu. Kesho yake Tagliasacchi alifika, na Nives akamwekea kahawa kama kawaida, maana mgeni ni mgeni.

"Ile iliyokamilika iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Kwa jina la nani?"

"Langu."

Tagliasacchi akatikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu anayemwonea huruma jamaa yake. "Ermes, ndugu yangu. Nani anakujua wewe?"

"Ndiyo nimeanza kujitambulisha."

Fidla mbili nyeupe zilizokuwa zimekwisha ahidiwa alizichukua siku hiyo. Ermes alizifunga mwenyewe kwa blanketi na kuzibeba hadi kwenye gari. Hajapigiwa simu kutoka Milano tangu hapo.

Tangu Machi ameuza kwa jina lake fidla moja tu, hiyo ya Ilaria. Mwenzake Ilaria wa okestra ameulizia bei, akasema atarudi baada ya msimu. Hizi mbili zilizokuwa roshani leo hazina mnunuzi. Nives ameanza kushona mapazia ya watu, na anasema hivyo bila kulalamika.

"Ninaogopa? Ndiyo, ninaogopa," anasema Ermes. "Lakini mwezi wa tano tulikwenda Parma, tukakaa juu kabisa, kwenye viti vya bei ya chini. Kule chini wapo wapiga fidla zaidi ya ishirini. Nives ananiuliza, yetu ni ipi? Nikamwambia, hata sijui, zote zinapiga pamoja, lakini imo. Nililia kama mtoto."

Mvua imepita. Kabla ya kurudisha fidla juani, Ermes anavaa koti na kwenda mtaa wa pili kwa mchapaji, Bwana Ottavio, kuagiza lebo mpya. Nives anamfuata, kwa kuwa hamwamini akiwa na pochi.

"Kiwango cha chini ni mia moja," anasema Ottavio. "Chini ya hapo mashine siiwashi."

"Mia!" Nives anashika kiuno. "Huyu anatengeneza sita kwa mwaka. Atazimaliza lini?"

Ermes anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Anafika mahali anasita, anamtazama mkewe, anaanza upya, na jibu ni lilelile: atakuwa amevuka miaka themanini.

"Chapa mia," anasema. "Mwaka niachie wazi, tarakimu zote nne. Nitajaza mwenyewe."