Wimbo Nilioimba Juu ya Mutoto wa Mama Ngoie

Mwanangu, kuna siku moja hapa Likasi sijaisahau mupaka leo. Minye sikusoma sana, lakini sauti nilikuwa nayo. Kwenye animasyo, zile ngoma za kusifu chama, muanzisha wimbo alikuwa minye. Hakuna mwingine.

Jirani yetu kwenye kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, Mama Ngoie, mutoto wake alikuwa waziri kule Kinshasa. Nilipokuwa kichanga mama yangu aliugua, na Mama Ngoie njo alininyonyesha: ziwa moja minye, ziwa lingine ule waziri. Miaka mingi niliimba sifa za ule waziri. Halafu akabishana na Mukubwa wa inchi, akafungwa. Mukubwa wa chama akakuja kwetu, akataka nitunge wimbo wa kumutukana. Akaangalia kombinezo, nguo ya kazi ya bwana yangu, kwenye kamba, akauliza kama kazi ya kiwanda bado inamupendeza.

Niliimba. Uwanjani, jua la saa sita, nikamuita mwizi, nyoka, mutoto bila mama. Mama Ngoie alisimama mustari wa mbele, maana kukosa kuja ilikuwa kosa. Vijana wa chama walimuangalia mikono kama inapiga makofi. Ilipiga.

Titi la mama litamu hata likiwa la mbwa. Minye nililitemea mate.

Mama Ngoie alikufa. Kisha Mukubwa wa inchi akamusamehe, waziri akarudi kitini. Wakati ule ilikuwa hivyo. Akakuja Likasi, na minye tena nikaambiwa niimbe sifa. Bwana yangu alisema tu, leo tumekwisha. Niliimba. Waziri akakuja kusimama mbele yangu.

“Dada, ule wimbo mwingine ungali unaujua?”

“Ndiyo, baba.”

“Mama alinitumia neno kule gerezani. Alisema, ‘Ndugu yako aliogopa, usimuguse.’ Bila ile neno, weye na bwana yako...”

Akapanda motokari yake.

Lakini Mama Ngoie alinipunguzia kosa, mwanangu. Haikuwa woga peke yake. Ningeweza kusema koo linaniuma. Sikusema, sababu nilipenda uwanja unishangilie. Basi sikia: aliye juu mungoje chini, na aliye chini usimukanyage, hata ukiamriwa. Ukiogopa, nyamaza, usiazimishe woga kinywa chako. Jeraha la ulimi haliponi.

Mungu akupe roho ya kukataa mapema, na watu ulionyonya nao uwaangalie machoni mupaka uzee wako.