Tuta la Reli Isiyofika

Njiru alikuwa na miaka arobaini na moja matingatinga yalipokuja kuinua tuta la reli katika nyika ya Mbeere, huko chini ambako mvua ikikosea njia mwaka mmoja, huenda isirudi mwaka wa pili. Kampuni ya ujenzi ilimchagua kwa kuwa alijua kusema na watu, na majirani walimwamini. Kazi yake ilikuwa kuwatoa hofu. Kaka yake Mbogo ndiye aliyekuwa mgumu. Tuta lingeziba njia ya maji yanayoteremka kutoka vilimani wakati wa mvua, na maji hayo ndiyo yaliyomkuzia ndengu na mtama. Njiru akamwapia kwa jina la marehemu baba yao kwamba kalvati itawekwa, maji yapite chini ya reli. Mbogo akatia kidole gumba kwenye karatasi za kampuni.

Tuta likainuliwa. Kalvati haikuja, wala reli yenyewe. Siku moja mitambo ilipakiwa kwenye malori ikaondoka, na hakuna aliyeambiwa sababu. Mvua zilizofuata zikatuama upande wa juu, likawa dimbwi la mbu. Upande wa chini shamba la Mbogo likakauka. Mbogo akaenda Mitunguu kubeba mikungu ya ndizi katika mashamba ya wengine. Tangu hapo hakumsemesha ndugu yake, hata matangani.

Mke wa Mbogo, Igoki, hakumfuata. Alichukua jembe na karai akaanza kulichimba lile tuta peke yake. Ilimchukua miaka minne kupata mtaro wa kumfika kiunoni, maji yakapita, akavuna tena. Njiru aliyasikia hayo kwa watu. Hakwenda kusaidia. Aliona haya, na haya ikikaa sana huwa mazoea.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alipigiwa simu na Abdulatif, mtu wa Meru mjini mwenye Landkruza ya kukodisha. Alikuwa na mgeni kutoka Nairobi, dada mmoja aitwaye Carol, anayependa kufuata kwa gari njia za reli zilizotelekezwa, mwanzo hadi mwisho. Walitaka mtu anayelijua tuta. Njiru alikubali upesi. Ukweli ni kwamba alifurahi. Tangu kampuni iondoke, hakuna aliyemhitaji.

Wakaondoka asubuhi, gari likienda juu ya tuta, miiba ya migunga ikikwaruza milango. Njiru alimwonyesha Carol mahali stesheni ingejengwa, na mahali pa daraja. Kila alipoitaja kampuni alisema "sisi".

Saa sita wakafika kwenye mtaro. Igoki alikuwa ndani yake akizoa mchanga, maana mvua kubwa zilikaribia na mbegu zilikwisha kuota kwa manyunyu ya kwanza. Abdulatif akashuka, akatazama huku na huku. Kulia korongo, kushoto miamba. Akasema hakuna kupita bila kujaza mawe. Carol akasema basi warudi, si lazima kufika mwisho.

"Hapana," Njiru akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Nitaongea naye."

Akamweleza Igoki kwamba gari litapita tu, na kesho asubuhi atakuja mwenyewe kuyatoa mawe yote.

"Kesho," Igoki akasema.

"Kesho, mama Lydiah. Naapa."

"Usiape. Ulishaapa." Akatoka mtaroni akishikilia ukingo, akaokota karai lake. "Jazeni. Sina mgongo wa kupigana na watu watatu."

Walijaza kwa saa nzima, na Njiru ndiye aliyebeba mawe makubwa. Landkruza ilikwama, ikarudi nyuma, ikapita, na kila gurudumu lilizidi kuyashindilia.

Safari ya siku moja ikawa ya siku tatu, kwa sababu springi ilivunjika mbali na watu, wakangoja fundi. Alasiri ya siku ya pili ikanyesha mvua kubwa. Carol alifungua dirisha anuse udongo uliolowa. Njiru aliisikiliza ikipiga paa.

Aliporudi, maji yalikuwa yamekwisha kufanya yao. Yalijikusanya nyuma ya mawe mpaka yakalibomoa tuta kwa pigo moja, yakapita na kila kitu. Miche haikuwapo, wala udongo wa juu. Shamba lilikuwa mawe matupu.

Mbogo alikuwa amefika kumchukua mkewe. Njiru alimsalimia kwa Kimbeere. Mbogo akamjibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyomjibu afisa asiyemfahamu.

"Habari yako. Tusaidie kuinua hili sanduku."

Wakaliinua pamoja, wakalifunga kwenye pikipiki. Igoki alipanda bila kumtazama mtu.

Njiru alitumia miezi miwili kuyatoa yale mawe shambani, kila siku tangu asubuhi. Alipomaliza alikwenda Mitunguu kuwaambia shamba ni safi, na maji sasa yana njia pana. Mbogo alikuwa kazini. Igoki alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," akasema, akachukua kikombe akaenda kukisuuza.

Hawajarudi. Njiru bado huenda shambani kwao kung'oa magugu.