Matope Kati ya Mama na Mkwe Wake

Siku nilipomweka mama yangu uso kwa uso na mkwe wake, mama alikuwa Kabambare na mkwe Kasongo, na kati yao barabara yenye mashimo ya kumeza ng'ombe na pembe zake.

Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa. Mimi, niliyetoka kupata diploma yangu ya masomo ya jioni na kujiona naweza hata kurusha ndege, nikachukua kazi ya kutengeneza filamu ya harusi kwa simu. Nikampiga mama picha kitini pake, akitazama kulia, akitoa baraka. Kasongo nikampiga picha bwana harusi akitazama kushoto, mkono wa kulia kifuani, akishukuru. Nikaziunga: mama, mkwe, mama, mkwe. Wakaongea! Nililia karibu kujaza ndoo.

Nikarudi Kabambare kumwonyesha mama. Akajifunika uso kwa kitenge.

"Weye mutoto, umeniingiza chumba kimoja na mukwe wangu? Ananiangalia mu macho!"

"Mama, yeye iko Kasongo."

"Hapa iko mbele ya magoti yangu! Ukionyesha watu filme hii, miye sikanyagi harusini."

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hilo nalijua tangu nanyonya. Nilichosahau ni kwamba katika filamu, watu wawili wakielekezeana macho, kilomita zote zinakufa.

Harusi bila mama? Haiwezekani. Nikaapa kuwatenganisha.

Kwanza nikaigeuza picha ya bwana harusi kama kwenye kioo, atazame upande uleule na mama. Dada yangu akaruka.

"Kaka, bwana wangu anamushukuru mama kwa mukono wa kushoto! Unataka kuvunja ndoa?"

Nikafuta. Kesho yake nikapanda pikipiki. Nikapiga nyumba ya mama kwa mbali, ndogo kama kiberiti. Kisha daraja la mbao, matope, kilima, matope tena. Kasongo nikampiga bwana harusi upya, akitazama kulia. Njia yote nikaiweka katikati yao.

Nikarudi Kabambare, mama akatazama, kitenge bado usoni. Matope yakapita, yakapita tena. Kitenge kikashuka, jicho moja kwanza.

"Sasa iko kwake, miye niko kwangu," akasema. "Ila ongeza matope kidogo. Halafu unitafutie pikipiki ya kunifikisha harusini."