Mfano Wangu Katika Daftari la Uraia

Harufu ya kahawa iliyomenywa na kulowekwa ni kali, inakaribia ya pombe iliyoanza kuchacha, na kila Julai hunifikia hapa Mbinga mjini. Wengine wananusa mavuno. Mimi nanusa ghala la ofisi ya kata yetu. Lilikuwa ghala la kahawa kweli, la matofali, lenye mlango mzito wa mbao na tundu moja la hewa, lakini msimu ule nilipokuwa darasa la sita lilikuwa mahabusu pia. Aliyekosa kazi ya barabara, ile inayoshuka kuelekea Lituhi ziwani na kutupandishia dagaa, alifungiwa humo mpaka Mtendaji wa kata atakapopenda. Ufunguo ulikaa kiunoni mwa kamanda wa mgambo, na kamanda huyo alikuwa baba yangu.

Mwalimu wetu wa Uraia, Mwalimu Masanja, alitoka Shinyanga na baridi yetu ilimtesa. Alifundisha amevaa koti, anakohoa mpaka saa sita mchana. Wiki moja alituandikia ubaoni haki zilizomo katika Katiba, kwa maneno mepesi: watu wote ni sawa mbele ya sheria, mtu hakamatwi wala hafungiwi ila kwa utaratibu wa sheria, na kabla ya kuadhibiwa lazima asikilizwe. Akasema chini ya kila haki tuandike mfano tunaoujua wenyewe. Wenzangu waliandika habari za kuku na mipaka ya mashamba. Mimi, mjuaji wa darasa, niliandika kwamba mama mdogo Skolastika alifungiwa ghalani siku mbili kwa kuwa alibaki na mtoto mgonjwa akakosa kazi ya barabara, na hakuulizwa kitu. Nikaongeza: baba ndiye aliyemfungia, na siku hizo yeye mwenyewe hakula ugali, kwa hiyo alijua ni kosa. Nilipata vema kubwa nyekundu, nikavimba kichwa.

Jioni, mama akisonga ugali, nikaanza kuwaimbia zile haki nilizozikariri. Baba akasema, "Hebu soma tena." Nikasoma ya ubaoni tu, mfano wangu nikauruka. Baba hakujua kusoma. Hata jina lake alilichora. Alinyoosha mkono akachukua daftari. "Nampelekea Mtendaji. Kama ni kweli, aniambie yeye." Mama akamwambia, "Baba Imelda, liache daftari la mtoto," lakini lilikuwa limeshaingia ndani ya koti. Ningeweza kusema hapo hapo kwamba kuna mstari unaomhusu. Niliogopa, nikala ugali wangu.

Kesho yake baba alisimama mlangoni mwa darasa letu na sare yake ya mgambo. "Mwalimu, Mtendaji anakuita." Hakututazama. Mchana habari ikatufikia kwamba Mwalimu Masanja yuko ghalani, eti anachochea watu wagomee barabara na kufundisha watoto kuwachimba wazazi wao, na Jumatatu gari la polisi litamchukua. Tulijua maana yake: kazi ndiyo imekwisha. Kisha nikaitwa mimi.

Mtendaji alikuwa na daftari langu mezani, baba amesimama karibu na mlango. Nilimwamkia shikamoo. "Imelda," Mtendaji akasema kwa upole, "haya maneno amekuambia mwalimu uandike. Sema ndiyo, urudi nyumbani." Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo. Lakini ofisi na ghala vilitenganishwa na ukuta mmoja, na nyuma ya ukuta ule nilisikia kile kikohozi. Nikasema, "Nimeandika mwenyewe." Akacheka. "Mtoto wa darasa la sita hana maneno haya." Akausoma mfano wangu kwa sauti, wote, mpaka pale pa ugali. Nilitazama sakafu. Kipigo nilikiogopa, ndiyo, lakini zaidi niliuogopa uso wa baba, maana ndiyo kwanza alikuwa anayasikia.

"Mwalimu angejuaje kama sikula?" baba akauliza.

"Unasemaje, kamanda?"

"Nasema sikula. Huyu kaandika ya nyumbani kwangu."

Akatoka nje, nikasikia kufuli likifunguka. Aliporudi aliuweka ufunguo juu ya daftari langu na kusimama pale pale, mikono imemning'inia kama hajui tena pa kuiweka.

Sare ilichukuliwa wiki ile ile, na Jumamosi baba alikuwa barabarani na jembe pamoja na watu aliokuwa akiwafungia. Baadhi yao walimcheka waziwazi. Mwalimu Masanja alihamishwa kabla mavuno hayajaisha, wala hatukuagana. Baba hakunipiga, ila karibu mwezi mzima hakunisemesha, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Siku moja tukigeuza kahawa kwenye vichanja alisema bila kuinua macho, "Siku nyingine ukiandika habari zangu, unisomee kwanza." Nilicheka na kulia pamoja.

Leo nafundisha somo lile lile. Ghala limeezuliwa na mvua, Katiba imo kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wangu, na watu hutaja haki zao kwa sauti sokoni na kwenye baa. Nadhani tumesogea. Mifano bado naitaka. Wiki iliyopita msichana mmoja aliujaza ukurasa wote, ila chini ya haki ya kusikilizwa aliacha nafasi tupu. Nikamuuliza kwa nini. "Madam," akasema polepole, "baba yangu ni mgambo."

Nilikaa naye kwenye dawati, nikamwambia aandike, halafu amsomee baba yake kwanza. Akanitazama. "Na akinipiga?" Kengele ikalia, wenzake wakakimbilia nje, na yeye akabaki amekaa, kalamu mkononi, ananisubiri nijibu.